Gavana Aliyekataa Kusamehe

Tuseme umeajiriwa dukani. Jioni moja hesabu inapungua elfu kumi, na kwa kuwa wewe ndiye uliyefunga siku hiyo, basi wewe ndiye mwizi. Hakuna aliyekuona ukichukua, lakini wiki iliyotangulia ulikuwa umelalamika kuhusu mshahara, kwa hivyo sababu ipo. Unasimamishwa kazi. Mtaani wanajua, nyumbani wanajua, mpaka mama mboga anayekukopesha sukuma wiki anajua. Miezi mitatu baadaye pesa zinapatikana zimeangukia nyuma ya droo ya bosi mwenyewe. Bosi anakupigia simu kwa sauti ya upole: "Yale yaliisha. Nimekusamehe. Rudi kazini Jumatatu."

Utarudi?

Wengi wetu tutarudi, maana kodi ya nyumba haingoji. Lakini kuna kitu kitakwama kooni, na hicho ndicho ninachotaka tukiangalie. Kiswahili hakitanii kwenye neno hili: anayesamehewa amekosa. Ukimsamehe mtu ambaye hajakukosea, umemtukana kwa lugha tamu. Bosi amekurudishia kazi, sawa, lakini jina lako bado amelishika yeye.

Mtu aliyenifanya nilifikirie sana jambo hili alikufa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Aliitwa John Peter Altgeld, na kuanzia 1893 hadi 1897 alikuwa gavana wa jimbo la Illinois, Marekani. Gavana wa huko si kama wetu wa kaunti, anayepigiwa kelele kuhusu barabara na dawa za hospitali. Alikuwa na uwezo wa kumtoa mtu gerezani kwa sahihi yake.

Na kabla hujauliza mzungu wa karne ya 19 anatuhusu nini: kila tarehe 1 Mei, tunapolala hadi saa nne kwa sababu ni sikukuu, au tunapotega sikio kujua kama mshahara wa chini utaongezwa, tunaadhimisha siku iliyotokana na kisa kilichommaliza huyu jamaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 1 Mei 1886, maelfu ya wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe saa nane. Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu. Tarehe 3 polisi waliwafyatulia risasi wagomaji karibu na kiwanda cha McCormick, na watu wakafa. Usiku wa tarehe 4 ukaitishwa mkutano wa kulalamikia mauaji hayo, mahali panapoitwa Haymarket. Meya wa mji alihudhuria mwenyewe, akaona mambo ni shwari, akaenda zake. Mvua ikatishia, watu wakaanza kutawanyika. Msemaji wa mwisho alipokuwa akikaribia kumaliza, kikosi cha polisi kikafika kuwaamuru waondoke. Mtu akarusha bomu. Polisi wakaanza kufyatua risasi gizani. Polisi saba walikufa, na raia wanne au zaidi.

Aliyerusha bomu hajajulikana hadi leo. Lakini mji ulikuwa umeshikwa na hofu, magazeti yanataka damu, na lazima mtu alipe. Wakashtakiwa wanaume wanane, wote waanakisti, yaani watu walioamini kwamba serikali na matajiri ni kitu kimoja na vyote viondoke. Maneno yao yalikuwa makali, hilo siwafichii. Baadhi yao walikuwa wameandika na kusema hadharani kuhusu kutumia baruti. Ila wengi wa wanane hao hawakuwepo kabisa Haymarket bomu lilipolipuka. Upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha nani alirusha. Ulisema tu kwamba maneno yao yalimchochea mrushaji, huyo ambaye hakuna aliyemjua.

Saba wakahukumiwa kifo. Wa nane, Oscar Neebe, akapewa miaka 15.

Sasa njoo Novemba 1887, siku chache kabla ya kitanzi. Gavana wa wakati huo, Richard Oglesby, alikuwa tayari kuwapunguzia adhabu baadhi yao, lakini alihitaji wao wenyewe waandike ombi la huruma. Samuel Fielden na Michael Schwab waliandika. Wakaponea kifo, wakafungwa maisha. Albert Parsons alikataa. Watu wa heshima walimwendea seli wakamsihi atie sahihi. Mkewe, Lucy, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa nje na watoto wawili wadogo. Parsons akashikilia palepale: anayeomba huruma anakiri kosa, na yeye hana kosa la kukiri. Tarehe 11 Novemba 1887 akanyongwa pamoja na August Spies, Adolph Fischer na George Engel. Louis Lingg alikuwa amekufa ndani ya seli siku iliyotangulia.

Ninaposoma hapo huwa nasimama. Karatasi moja, sahihi moja, na huenda angeishi awaone wanawe wakikua. Je, ulikuwa ukaidi? Unaweza kusema hivyo. Lakini jiulize ile karatasi ilikuwa inataka nini kwake. Ilitaka achague kati ya maisha yake na jina lake, halafu anayemuuzia maisha hayo ajiite mwenye huruma. Bosi wa duka na Oglesby wanaongea lugha moja, tofauti ni kwamba Oglesby alikuwa na kamba.

Turudi kwa Altgeld. Alizaliwa Ujerumani mwishoni mwa 1847, akaletwa Marekani akiwa mtoto mchanga, akalelewa kwenye umaskini wa shamba huko Ohio. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapata homa iliyomsumbua maisha yake yote. Akafundisha shule, akasoma sheria kwa kujisukuma mwenyewe, akahamia Chicago mwaka 1875 bila kitu mfukoni. Hapo akanunua ploti, akajenga, akauza, hadi akawa tajiri. Kubwa kuliko yote lilikuwa jengo la Unity, orofa 16, katikati ya mji. Mwaka 1884 alichapisha kitabu kuhusu jinsi magereza na mahakama zinavyowasaga maskini, kisha mwaka 1886 akachaguliwa kuwa jaji. Alikuwa hustler kweli kweli, na alipenda mamlaka.

Tusimpambe sana. Wale wanne waliponyongwa, Altgeld alikuwa jaji papo hapo Chicago, na hakutoka hadharani kuwatetea. Ujasiri wake ulichelewa miaka sita. Waliokufa hawakuufaidi.

Alipoapishwa Januari 1893, tayari kulikuwa na ombi la maelfu ya watu wakitaka Fielden, Schwab na Neebe waachiliwe. Na hapa ndipo hadithi inaponishika, kwa sababu walioomba hawakuwa wanaharakati peke yao. Walikuwemo wenye benki, mawakili na wafanyabiashara wakubwa. Wengi wao walikuwa na hoja moja: wafungwa hawa wameteseka vya kutosha, hasira imepoa, tuwahurumie. Mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa. Gavana angeandika mistari mitatu: kwa huruma ya jimbo, wafungwa watatu wameachiliwa. Wahafidhina wangenung'unika wiki mbili, matajiri wenye roho nzuri wangempigia makofi, na watatu wale wangerudi makwao. Kila mtu angebaki na heshima yake: jaji, polisi, mwendesha mashtaka, hata wale waliofunga kamba.

Tarehe 26 Juni 1893 Altgeld aliwaachilia wote watatu. Lakini badala ya mistari mitatu akatoa waraka mrefu kama kijitabu, na mwanzoni kabisa akaikataa hoja ya huruma. Kama watu hawa walihukumiwa kwa haki, alisema, basi hakuna sababu ya kuwaachilia, kwa maana kosa la namna ile halina adhabu iliyo kali mno. Swali pekee ni kama kesi ilikuwa ya haki.

Halafu akaonyesha kwamba haikuwa. Juri, yaani wale raia 12 wanaosikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia, haikupatikana kwa bahati nasibu kama kawaida. Ofisa mmoja alipewa kazi ya kwenda kuwachagua watu, naye akachagua waliokuwa tayari wamekata shauri. Wengi walikiri mbele ya jaji kwamba wanawachukia washtakiwa, na jaji akawaona wanafaa. Mmoja alisema ana jamaa miongoni mwa polisi waliouawa, na bado jaji hakumwondoa. Mawakili wa utetezi wakalazimika kumkataa kwa kutumia nafasi zao zilizohesabiwa. Aliyerusha bomu hakupatikana, hivyo hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba alisoma au kusikia neno lolote la washtakiwa. Dhidi ya Neebe hapakuwa na ushahidi wa maana. Na jaji Joseph Gary aliendesha kesi akiwa ameegemea upande mmoja.

Yaani gavana aliwatoa watu gerezani, kisha akaigeukia mahakama na kuiambia: nyinyi ndio mliokosa.

Kelele zilizofuata unaweza kuziwazia, ingawa Twitter haikuwepo. Magazeti yalimwita mwanaanakisti na rafiki wa wauaji. Likatolewa hata lile la asili yake: huyu alizaliwa Ujerumani, hana damu ya Kimarekani, angejuaje uzalendo? (Sisi tunaifahamu silaha hiyo. Ukishindwa kujibu alichosema mtu, uliza anatoka wapi.) Wengine wakasema analipiza kisasi kwa jaji Gary. Inawezekana hasira ilikuwemo. Waraka wenyewe una makali. Lakini nia ya msemaji haibadilishi orodha ya wanajuri. Kama juri ilipangwa, ilipangwa, hata anayekuambia awe na chuki kiasi gani.

Mwaka uliofuata, wafanyakazi wa reli walipogoma wakiwaunga mkono wenzao wa kiwanda cha Pullman, rais Grover Cleveland alituma jeshi la taifa Chicago. Altgeld akapinga kwa telegramu, akisema jimbo halijaomba msaada na linajiweza. Akashambuliwa upya. Mwaka 1896 akashindwa uchaguzi na John Tanner. Siku ya kukabidhi madaraka, ilikuwa desturi gavana anayeondoka atoe hotuba ya kuaga. Altgeld alinyimwa nafasi hiyo. Akapoteza jengo la Unity, akapoteza mali karibu yote. Akagombea umeya mwaka 1899, akaanguka. Akamalizia akiwa wakili katika ofisi ya Clarence Darrow, kijana ambaye zamani alikuwa akimsukuma awatoe wale wafungwa.

Nilimsimulia haya rafiki yangu anayesomea sheria. Akanitazama kama mtu aliyepoteza basi la mwisho kwa ujinga. "Sasa alipata nini? Angewaachilia kimya kimya tu, yaishe. Watatu wangetoka vilevile, na yeye angebaki ofisini kusaidia watu wengine elfu."

Hoja hiyo haitaki kupuuzwa, na nimekaa nayo muda mrefu. Ina nguvu kuliko inavyoonekana. Altgeld alikuwa amemteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, mwanamke aliyeingia kwenye vyumba vya giza ambamo watoto walikuwa wakishona nguo na kufanya kazi za hatari, akawapeleka waajiri mahakamani. Tanner alipoingia, Kelley aliondolewa. Kwa hivyo bei ya kuanguka kwa Altgeld hakuilipa peke yake. Ililipwa pia na watoto ambao hawakuwahi kusikia jina la Parsons. Mtu akikuambia dhamiri yake ni safi, una haki ya kumuuliza risiti ilienda kwa nani.

Hata hivyo sikubaliani na rafiki yangu, na sababu zangu ni tatu.

Ya kwanza ni kwamba hesabu yake inawezekana tu kwa mtu anayejua mwisho. Mwaka 1896 chama cha Altgeld kilipigwa Illinois kuanzia kwa mgombea urais kushuka chini, huku uchumi ukiwa umeanguka tangu 1893. Nani anaweza kuapa kwamba bila ule waraka angeshinda? Tunapenda sana kujiambia kwamba tunanyamaza leo ili tuwe na nguvu ya kusema kesho. Ukweli wa leo unaujua. Nguvu ya kesho unaikisia tu.

Ya pili ni kwamba "kimya kimya" haikuwa kimya. Kumwachilia mtu kwa jina la huruma ni kutoa taarifa: alikosa, na sisi ni wema. Hiyo ingekuwa sauti ya jimbo zima, yenye muhuri, ikirudia uongo kwa mara ya pili, safari hii ikitabasamu. Kama ofisa mmoja angeweza kuchagua juri ya kunyonga, na gavana akijua na kunyamaza, basi njia hiyo ingebaki wazi kwa kesi inayofuata.

Ya tatu ndiyo nzito kwangu. Huruma iliweza kuwafikia watu watatu tu, kwa sababu watatu ndio waliokuwa hai. Wale watano waliokuwa makaburini, hasa Parsons aliyekataa kutia sahihi, huruma ingewafanyia nini? Huwezi kumpunguzia adhabu mtu aliyekwisha kunyongwa. Kitu pekee ambacho serikali ilikuwa bado nacho mkononi, ambacho kingeweza kumfikia mfu, ni sababu. Milango ya gereza ilifunguliwa kwa ajili ya Fielden, Schwab na Neebe. Kurasa zile zote ziliandikwa kwa ajili ya wengine watano, na kwa ajili ya Lucy Parsons, aliyeishi hadi 1942 akiendelea kulipigania jina la mumewe. Siku moja tu kabla ya waraka kutoka, maelfu walikuwa wamekusanyika katika makaburi ya Waldheim kuzindua mnara wa wale watano. Watu wao walikuwa wamewapa jiwe, na kesho yake serikali ikakiri.

Simfanyi Altgeld mtakatifu. Hotuba yake ya mwisho, mnamo Machi 1902 mjini Joliet, aliitoa kuwatetea Makaburu wa Afrika Kusini waliokuwa wakipigana na Uingereza. Alimaliza, akaanguka, na kesho yake akafa, akiwa na miaka 54. Sisi tunaojua Makaburu hao walikuja kuwatendea nini Waafrika tunameza mate tukisoma hapo. Aliona mdogo akipigwa na mkubwa, hakuona aliye chini ya huyo mdogo. Hata jicho la haki lina upande lisioutazama.

Lakini kwa swali la msamaha, nadhani alipatia, na tunalihitaji jibu lake. Nchi yetu ina milango miwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 133, inampa rais uwezo wa kusamehe wafungwa, na kila mara tunasikia kwamba wafungwa kadhaa wameachiliwa, hasa msimu wa sikukuu. Kifungu cha 50 nacho kinamruhusu mtu aliyefungwa, rufaa zake zikiwa zimeshindwa, kurudi Mahakama Kuu akiwa na ushahidi mpya wenye uzito na kuomba kesi yake isikilizwe upya. Mlango wa kwanza ni wa aliyekosa na akajutia. Wa pili ni wa anayesema sikukosa. Ni muhimu ibaki miwili. Tukianza kuwapitisha wote kwenye ule wa huruma kwa kuwa ni rahisi na unapendeza kwenye runinga, tutakuwa tumewaambia wasio na hatia wapige magoti ndipo watoke.

Na hili halihusu magereza peke yake. Ni mzazi aliyekuchapa kwa kosa la ndugu yako, kisha akakuletea soda bila neno. Ni kikundi cha WhatsApp kilichomtoa mtu kwa uvumi, halafu kikamrudisha kimyakimya na emoji ya moyo. Soda ni tamu, na kurudi ni kuzuri. Ila kuna sentensi moja inadaiwa, na soda hailipi deni hilo: tulikukosea wewe.

Neebe, muuza hamira ambaye hata Haymarket hakuwepo, alitoka gerezani akiwa na uhuru wake na hiyo sentensi, kwa maandishi, na sahihi ya gavana chini yake. Kwa hiyo bosi akipiga simu kukuambia amekusamehe, mwulize kwanza kama yuko tayari kusema pesa zilipatikana wapi, mbele ya walewale waliosikia ukiitwa mwizi.